Hamsini za Bure: Barua ya Wazi kwa Bodi za Shule za Marekani

Waheshimiwa wajumbe wa bodi zilizoamua kuwa alama ya chini kabisa ni 50,

Pokeeni pongezi. Mwalimu anayetoka Tanzania au Kenya kuja kufundisha kwenu hufika na kalamu nyekundu na ushamba mmoja: anaamini kwamba karatasi tupu ina alama sifuri. Ninyi mmemwondolea ushamba huo. Kwenu mwanafunzi asiyeleta kazi huandikiwa 50 kwa 100, na mwalimu mgeni hujifunza upesi kwamba kazi yake ni kusahihisha hata kisichoandikwa. Kwao 50 hutafutwa kwa mwanga wa kibatari. Kwenu humfuata mtoto kitandani.

Hoja yenu naijua, na haina upumbavu. Mtaalamu wenu wa elimu, Douglas Reeves, aliieleza mwaka 2004: katika kipimo cha 100 ambacho kufaulu huanzia 60, kufeli kumepewa ngazi sitini huku kila daraja la juu likipewa kama kumi tu, hivyo sifuri moja huzamisha muhula mzima. Kweli kabisa. Lakini hebu tupige hesabu pamoja. Mwanafunzi wa kwanza amefanya mazoezi mawili kati ya matano, akapata 75 kila moja, matatu hakuyagusa. Kwa hisani yenu wastani wake ni 60, amefaulu. Wa pili amefanya yote matano kwa jasho, akapata 55, 60, 50, 62 na 58. Wastani wake ni 57, amefeli. Mwelezeni huyo wa pili, kwa lugha ya upole mnayoijua, kwamba kosa lake lilikuwa kuleta kazi. Kuna na wa tatu, aliyepanda kutoka 10 hadi 45 kwa juhudi ambayo mwalimu yeyote angeisimulia kwa furaha. Kwenye rejista yenu alianza na 50 na bado ana 50. Huruma yenu imemfuta.

Mtasema sisi tunatoka nchi za roho ngumu. Haya, tukubali. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa Tanzania, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa na divisheni ziro, yaani wamefeli. Hakuna mwenye akili anayetamani ukatili ule. Ila ziro zile zilipiga kelele: bunge likawaka, Waziri Mkuu akaunda tume. (Kisha serikali ikaagiza matokeo yapangwe upya na wengi wakapanda, nasi tuna hamsini zetu, msidhani mmevumbua.) Hamsini yenu haimwamshi mtu. Mzazi anaiona, anadhani mtoto anasuasua, kumbe hajashika kalamu tangu mwezi uliopita. Upimaji wenu wenyewe wa kitaifa wa mwaka 2024 ulikuta asilimia 45 ya wanafunzi wa darasa la 12 wako chini ya kiwango cha msingi cha hisabati. Sidai kwamba hamsini ndiyo iliyowafikisha hapo. Nasema tu kwamba nchi yenye homa hiyo haina sababu ya kuchezea kipimajoto.

Kama sifuri inawatisha, ifuteni, lakini mahali pake mwandike "hajaleta", kisha mtoto abaki baada ya masomo mpaka alete. Hilo linahitaji mwalimu wa ziada, chumba na basi la jioni, yaani fedha. Hamsini haina gharama, na hapo ndipo ninapoanza kuishuku huruma yake.

Mkiona bado ni haki, basi itumieni pia kwenye mpira wenu wa Ijumaa usiku. Timu isiyofika uwanjani iandikiwe nusu ya pointi za waliocheza, ubaoni, mbele ya wazazi. Tutakuja kuangalia.

Wenu mtiifu,
Msahihishaji wa karatasi tupu