Namna ya Kufuma Mabaki ya Uzi Ukasifiwa Ubunifu

Unao, usikatae. Uko uvunguni mwa kitanda, ndani ya mfuko wa rambo ulionusurika marufuku ya Juni 2019: kibonge cha damu ya mzee kilichobaki kwenye sweta la shule, kijani nusu, njano ya kujaa kiganja, na nyeupe ambayo weupe wake sasa ni wa kuaminiana tu. Hapa Chamwino baridi ya Juni haijapiga hodi, muda unao. Toa mfuko, tuanze.

Kwanza, usipange. Mwenye mpango ana kitu cha kukosea. Asiye nao amepatia tangu mwanzo. Anza kufuma, uzi ukiisha tazama umepata nini. Kikiwa kirefu ni skafu. Kikiwa kifupi ni kitambaa cha redio. Kikijikunja pembeni ni kofia. Kisichoeleweka kabisa ni cha mtoto mchanga, maana mama aliyetoka kujifungua hana nguvu za kuuliza maswali. Mpango utautunga mwishoni, ukianza na maneno “nilikusudia”.

Pili, pima kidogo, upate la kuongea. Nenda dukani mchana jua likiwa utosini, umkute muuza duka anasinzia, umwombe mizani ya sukari. Gawa bonge mara mbili kwa uzito. Kwa kitu cha kupanuka kisha kupungua, kama shali ya pembetatu, tumia nusu kwa kupanua na nusu kwa kupunguza, utamaliza salama. Mizani ikikosekana, nyosha uzi uliobaki juu ya kazi yako. Mara tatu ya upana inatosha takribani mstari mmoja. Mara nne, unaweza kufunga mishono. Ukipungukiwa, badili rangi uite pindo.

Tatu, kiberiti. Choma ncha ya kila uzi. Ikiyeyuka ikaganda ngumu kama punje, ni akriliki, na nyuzi nyingi za madukani ndizo hizo. Ikinuka nywele zilizoungua, ni sufu. Ikiwaka kama karatasi ikaacha jivu laini, ni pamba. Mafundi watakwambia usichanganye, kwa sababu sufu ikifuliwa kwa maji ya moto husinyaa na akriliki hubaki ilivyo, kitambaa kikajipinda kama chapati iliyosahaulika jikoni. Wana haki. Wewe changanya, kisha kimpe mtu asiyependa kufua. Maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvi, sabuni haitoi povu. Watu wa namna hiyo hukosi.

Sasa rangi, na hapa twende polepole, kwa sababu rangi ndizo zinazovunja undugu. Ukiweka kijani karibu na njano, umeshafuma Yanga. Mgeni asiyejua mpira ataona CCM, na makao makuu ya chama yako hapo Dodoma mjini. Ikulu nayo, iliyozinduliwa Mei 2023, ni jirani yako. Hutaki kueleza kitambaa cha redio kwa watu wengi kiasi hicho. Ukikimbilia nyekundu na nyeupe, umehamia Simba, na baba mkwe wako ni Yanga wa tangu ujana wake.

Dawa ya kwanza: tia mistari miwili ya damu ya mzee kati ya kijani na njano. Hapo umefuma sare ya shule, na shule haina mpinzani. Dawa ya pili, ninayoipenda zaidi, ni mto wa kochi. Fuma vipande viwili, kimoja kijani na njano, kingine nyekundu na nyeupe, uvishone mgongo kwa mgongo, ujaze vitambaa vilivyochakaa. Mgeni akibisha hodi, chungulia dirishani, geuza mto, ndipo umkaribishe.

Ukishindwa yote, subiri. Upepo wa kiangazi cha hapa hubeba vumbi jekundu, na kufika Agosti kila ulichofuma kitakuwa na rangi moja, inayopatana na makochi, ukuta na kuku.

Mafundo yasikusumbue. Fundi mwaminifu huacha ncha ndefu kama kidole, akazirudisha ndani kwa sindano moja baada ya nyingine hadi shingo imuume. Wewe ziache zining'inie, na kwenye kila fundo funga shanga. Chamwino ni mji wenye tamasha lake la muziki wa Cigogo, na akina mama wa ngoma huingia uwanjani wamevaa shanga. Fundo lenye shanga si kosa tena, ni utamaduni, na utamaduni haukosolewi na mgeni.

Kuweka. Seti ya makochi inadai vitambaa vingi na uzi wako umetosha kimoja na robo. Kizima kiweke kwenye kochi linalotazama mlango. Kile cha robo kikalie mwenyewe. Mgeni akishaingia na salamu yake ya Kigogo, “mbukwenyi”, macho yatatua pale pale.

Kisha atasema amekipenda, naye anataka sita vya namna hiyo, na pesa anayo. Usitetemeke. Shusha pumzi, sikitika kidogo, mwambie uzi ule ulikuwa unatoka Arusha na mwenye duka amehamia kwenye biashara ya alizeti.