Babu Hajasusa: Mwongozo kwa Aliyeachiwa Simbilisi Mzee

Mtoto amefaulu, amekwenda bweni, na huko bwenini wanyama hawaruhusiwi. Kwa hiyo boksi la simbilisi limehamia upande wako wa sebule, pamoja na maelezo ya dakika mbili: "Anakula majani tu, baba, wala hasumbui." Hukuambiwa kwamba mnyama huyo ana miaka 6. Simbilisi wengi huishi kati ya miaka 5 na 8. Umeachiwa babu wa mkongojo, na yeye mwenyewe hakuulizwa kama anakutaka.

Usikimbilie ushauri wa kijijini. Nenda Iringa au Njombe, ambako simbilisi hufugwa jikoni wakizungukazunguka miguuni mwa mpishi, ukaulize tiba ya simbilisi mzee aliyekosa hamu ya kula. Watakutazama wewe kwanza, kisha mnyama, kisha sufuria. Kule simbilisi hazeeki. Huko Kivu wanakomwita dende ni yale yale, na kwao kwa asili, kwenye milima ya Andes, ameliwa kwa maelfu ya miaka. Mabingwa wa kumfuga tunao tele, ila wachache mno wamewahi kumwona akiwa na miaka 6.

Pengo hilo litazibwa na majirani.

Wa kwanza atakwambia, "Amesusa huyo." Nawe utakubali, maana ndivyo tulivyolelewa. Mtu mzima akisukuma sahani, kuna neno nyuma yake: kuna aliyemjibu vibaya, au paja la kuku limekwenda kwa mwingine. Atatumwa mjumbe, atabembelezwa, mchuzi utaongezwa. Basi utauona mchicha wa jana umelala palepale umenyauka, utamwambia babu maneno matamu, utampa muda hasira zipoe.

Tumbo la simbilisi halina muda huo. Limeumbwa ili nyasi zipite ndani yake mchana na usiku bila kukatika. Zikiacha kuingia, matumbo hupunguza mwendo, gesi hujaa, maumivu huondoa hata ile hamu kidogo iliyobaki, na ini huanza kuzidiwa na mafuta. Hawezi kutapika. Saa 24 bila kula ni dharura, na kwa mzee hata 12 ni nyingi. Ndugu atakayesema "muache, njaa ikimuuma atakula" mkaribishe chai, mshukuru, usimsikilize. Dawa yake ni ya mtoto aliyekataa maharage.

Sasa njoo kwenye meno, maana hapo ndipo wengi tunapoaibika. Simbilisi ana meno 20, na yote hukua maisha yake yote kama kucha. Kinachoyasaga ni nyasi, tena nyasi kwa wingi: ukoka, majani makavu, vitu vya kutafunwa kutwa. Mzee aliyelelewa kwa pumba na mikate ya chai hana cha kuyasaga. Utamfunua midomo, utaona yale manne ya mbele meupe, yamenyooka, na utaitangazia nyumba nzima kwamba meno ni mazima. Umeona mlango, nyumba hujaingia. Magego yako ndani kabisa kwenye kinywa chembamba kisichofunguka sana, na yale ya chini yakirefuka huinamiana juu ya ulimi kama daraja. Ulimi umebanwa chini, chakula kiko juu, na njaa ipo vilevile.

Ndiyo maana nasema hajasusa. Mtazame vizuri. Ukikata hoho anapiga kelele zake, anakuja mbio, anakichukua kipande, anakigeuzageuza mdomoni, anakiangusha. Anarudia. Kidevu kimelowa mate. Laini anajaribu, ngumu anaacha. Aliyesusa hakimbilii sahani. Huyu anataka na hawezi, na dawa yake ni daktari wa kumpa nusu kaputi na kuyapunguza magego hayo kwa vifaa vyake. Mkasi wako wa kucha uache ulipo. Jino huweza kupasuka hadi kwenye fizi.

Jirani wa pili atasema ni uzee tu, angalia hata magoti yanavyomsumbua. Hapa kuna ukweli uliojificha. Simbilisi, kama wewe nami, hawezi kujitengenezea vitamini C. Mbuzi anaweza, hata panya anaweza. Mwaka 1907 Axel Holst na Theodor Frølich wa Norwei waliwalisha simbilisi nafaka tupu wakitafuta beriberi, wakapata kiseyeye, ugonjwa ule ule uliokuwa ukiwamaliza mabaharia. Bakuli la pumba peke yake linairudia kazi yao sebuleni kwako. Viungo huuma, fizi huuma, na mwenye magoti mabovu haoni faida ya kujikokota hadi kwenye chakula. Anahitaji miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wake kila siku. Hoho inatosha kuanzia. Pera pia lina vitamini hiyo kwa wingi, ila lina sukari, kwa hiyo kipande kidogo tu. Chakula cha dukani kilichokaa ghalani miezi kadhaa, vitamini yake ilishaondoka.

Kisha kuna duka la dawa za mifugo. Ogopa sentensi hii: "Hii ni ya kuku, lakini inafanya kazi kwa wote." Penisilini, na ile amoksilini iliyobaki kwenye droo yako tangu koo lilipokuuma, huwaua vijidudu wema wa tumbo la simbilisi na kuwaachia uwanja wale wanaotoa sumu. Aliyekuwa hali vizuri leo, keshokutwa mnachimba shimo chini ya mwembe.

Shangazi naye ataleta uji wa lishe, wenye maziwa na sukari, kwa mapenzi makubwa. Mnywe wenyewe. Wazo la uji si baya, ila wa babu hutengenezwa kwa chakula chake mwenyewe kilicholowekwa maji na kupondwa, akapewa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kupitia pembeni ya mdomo nyuma ya meno ya mbele. Kidogo kidogo, atafune, ameze, ndipo uongeze. Usimlaze chali kama mtoto mchanga, utampalia. Na kama tumbo limevimba na limekaza kama ngoma, usimlishe kitu, mpeleke.

Yapo mengine: mawe ya kibofu, uvimbe wa ovari kwa bibi, mwenzake kufa wiki iliyopita. Hayo mwachie daktari, ila mpigie simu kwanza umuulize kama amewahi kutibu simbilisi, maana wengi kutwa wako na ng'ombe na mbwa. Walio karibu na Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro, au Kabete kwa walio Nairobi, wako jirani na wanakosomeshwa madaktari wa mifugo, na waanzie huko.

Mnyama huyu huficha ugonjwa, kwa kuwa porini mnyonge ndiye anayeliwa kwanza. Wangu alipungua gramu 90 huku nikimsifu kwa wageni kwamba siku hizi ametulia. Sasa hupanda mizani ya jikoni kila Jumapili, ile ile ya kupimia unga, na mke wangu ameninunulia nyingine ya unga.

Kama wako hajagusa kitu tangu asubuhi, funga ukurasa huu uende sasa hivi. Mengine utayasoma ukiwa kwenye foleni.