Uza Manne, Baki na Moja: Mwongozo kwa Mwenye Magitaa Mengi

Kwanza yatoe yote. Toa la uvunguni, la juu ya kabati, la nyuma ya mlango, na lile ulilomwazima mpwa wako ukaona aibu kulidai. Yapange sebuleni pamoja na pedali, amplifaya, waya na mifuko yake, kisha kaa chini na kalamu. Usihesabu kichwani, kwa sababu kichwani hayazidi matatu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa wapiga gitaa mambo huenda kinyume: mali bila daftari huongezeka bila habari, na siku mama watoto anapouliza lile jekundu limetoka wapi, hata mwenyewe unabaki kukuna kichwa.

Mbele ya kila gitaa andika mambo mawili tu: mara ya mwisho ulipolipigia wimbo mzima, na sauti liliyonayo ambayo mwenzake hana. Rangi usiandike. Wala usiandike kwamba ulilipata kwa bei ya kutupa, maana urahisi wa juzi haulipi nyuzi za leo. Najua utakimbilia neno "akiba". Mpiga solo anayepanda jukwaani anahitaji gitaa la akiba ili uzi ukikatika wimbo usisimame, na kwa hilo sikugombezi. Lakini la akiba ni moja, lina nyuzi mpya na limeshatuniwa. Yaliyobaki yamekaa tu.

Kwetu pwani jambo hili halitaki kuahirishwa. Gitaa kavu, galatoni kama wanavyoliita wazee, hustarehe kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja unyevu mara nyingi hupita 70. Mbao hunywa unyevu huo taratibu: uso wa gitaa huvimba, briji huanza kunyanyuka, nyuzi hupanda juu ya shingo mpaka kubana kodi moja tu kunaumiza vidole. Chukua kipande cha karatasi nyembamba, ukisukume pale nyuma ya briji inapokutana na mbao. Kikiingia, gundi imeshaanza kuachia. Pima hivyo kila galatoni uliyonayo, leo hii. Lile unalolipiga kila jioni utakuwa umeshaligundua, kwa sababu mkono huhisi nyuzi zikipanda hata kidogo. La uvunguni hugundui mpaka briji ing'oke. Mtu mwenye kazi, familia na foleni za barabarani hana muda wa kutunza magitaa matano, na gitaa lisilotunzwa huku kwetu haliingoji siku utakayopata nafasi.

Sasa chagua la kubaki. Hapa wengi hukosea kwa kushika lile lenye jina kubwa kichwani, Fender au Gibson, wakati mkono wao umezoea jingine kabisa. Mwombe mwenzako akupe moja moja nawe umefumba macho. Piga wimbo uleule, kwenye amplifaya ileile, bila pedali. Kisha fumbua macho ukague. Bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ile ya mwisho, utazame karibu na freti ya saba: kati ya uzi na freti pawe na upenyo mdogo, unene wa kadi ya jina hivi. Pakiwa pana kuliko hapo, shingo imepinda mbele. Pasipokuwa na upenyo kabisa, imenyooka kupita kiasi au imepinda nyuma. Halafu gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12, usikie mlio wake, kisha ubane hapohapo. Milio hiyo miwili iwe sawa. Kasoro hizi fundi mzuri huzitengeneza kwa gharama ndogo kuliko gitaa jipya, kwa hiyo usilifukuze gitaa unalolipenda kwa sababu ya skrubu inayotaka kukazwa.

Mfano mzuri kuliko yote ninaoujua ni wa Eric Clapton. Mwaka 1970, katika duka moja mjini Nashville, alinunua Stratocaster sita za zamani. Moja alimpa George Harrison, moja Pete Townshend, moja Steve Winwood. Tatu zilizobaki alizifungua, akachukua sehemu bora za kila moja, akaunda gitaa moja jeusi lililokuja kujulikana kwa jina la Blackie. Alilipiga jukwaani na studio kwa miaka mingi, na mwaka 2004 likauzwa kwenye mnada wa Christie's kwa dola 959,500, fedha za kusaidia kituo cha tiba ya ulevi alichokianzisha Antigua. Ndiyo hesabu ninayokuomba uifanye: sita ziwe moja, na watatu wapate cha kupiga. David Gilmour naye, Juni 2019, alipeleka magitaa zaidi ya 120 kwenye mnada mjini New York, yakaingiza zaidi ya dola milioni 21, akazitoa kwa shirika la ClientEarth linalotetea mazingira mahakamani. Kati ya hayo lilikuwamo lile jeusi alilorekodia na Pink Floyd. Kama yeye aliweza kuliachia hilo, wewe utaliachia la bluu lisilo na uzi wa sita.

Ukiuza, uza kwa heshima. Wanasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini hata chema kikiwa na vumbi hakijiuzi. Futa shingo, weka nyuzi mpya, zungusha vitufe vya sauti mara kadhaa uone kama vinakwaruza. Piga picha mchana, karibu na dirisha, za mbele, nyuma, kichwa, na kila mkwaruzo. Ufa usiufiche. Mnunuzi akiugundua mwenyewe atakushusha bei mara mbili ya unavyostahili, na mji wa wanamuziki ni mdogo. Amplifaya iliyotoka Marekani imetengenezewa umeme wa volti 120. Mwambie mnunuzi wazi kwamba bila transfoma ataiunguza siku hiyohiyo kwenye 230 yetu, na hiyo transfoma mpe pamoja nayo. Ukimuuzia mtu wa nje ya nchi gitaa la zamani, ulizia mbao zake. Miti jamii ya Dalbergia, ambayo mpingo wetu ni mmojawapo, iliwekewa masharti ya mkataba wa CITES mwaka 2017. Vyombo vya muziki vilivyokamilika vililegezewa mwaka 2019, lakini rosewood ya Brazili bado haivuki mpaka bila kibali.

Dalali muepuke. Ulizia kwenye kwaya, shule, bendi za harusi, vijana wa studio za mtaani. Kijana atakuja, pengine na rafiki yake mmoja wa kumtia moyo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, karibu. Shika chombo."

"Mzee, mwisho wako ngapi?"

"Piga kwanza."

Usitaje bei kabla hajapiga. Muache akae nalo, atafute kodi zake, asikie mwenyewe. Akilipenda utaliona kwenye mabega kabla hajasema neno. Hapo taja bei yako, mpunguzie kidogo, kwani amekuja na nauli ya watu wawili. Akilipa kwa simu, fungua salio lako uthibitishe fedha zimeingia, kwa sababu ujumbe wa muamala huweza kughushiwa. Kisha mpe na mfuko, waya na zile nyuzi za ziada. Usibaki na mfuko mtupu ukutani, maana utautafutia gitaa.

Fedha zikishaingia, usipite Kariakoo siku hiyo, wala River Road kama uko Nairobi. Ukishaondoa gharama ya fundi kwa lile ulilobaki nalo, zilizosalia ziweke mpaka zitoshe chombo kimoja cha daraja la juu zaidi, kama kweli ulilonalo halikutoshi. Kwa galatoni, la kutafuta ni uso wa mbao nzima badala ya mbao za kubandikwa tabaka, kwa kuwa mbao nzima ndiyo inayokomaa kwa kupigwa. Willie Nelson alinunua Martin yake mwaka 1969, akaipa jina Trigger, na anaipiga mpaka leo ikiwa na tundu usoni kwa sababu ya kukwaruzwa miaka yote hiyo. Mwenda Jean Bosco, yule wa Katanga, aliporekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, alikuwa na gitaa moja kavu, na kwa hilo aliweka besi, mdundo na wimbo pamoja.

Na kwetu Dar es Salaam, wapigaji waliojenga muziki wa dansi wengi wao hawakuwa na chombo chao wenyewe. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na vyombo vilikuwa mali ya bendi. Mpigaji akihama, gitaa anaacha. Vijana wengi wenye vipaji wako hivyohivyo hata sasa, wanangoja zamu ya gitaa la kanisa au la rafiki. Kwa hiyo ndugu yangu, likishapatikana lile la kubaki, yapigie simu makanisa mawili na shule moja wiki hii, useme una magitaa ya kuuza kwa bei ya mwanafunzi.