Kasida ya Pedi Isiyopatikana

Wenye IST nawaonea huruma. Pedi zikiwaishia, wanasimama Mwenge au Tandika, wanataja jina la gari tu, boksi linatoka, fundi anafunga palepale kando ya barabara, na chai ya mtu haijapoa ameshaondoka. Breki kapata, ila kingine hakupata. Jina la muuzaji halijui, na hata rangi ya pedi alizofungiwa hakuiona. Mimi nimesimama leo kuisifu pedi ya Peugeot 504, ambayo kila muuza spea wa Dar es Salaam anaifahamu, anaiheshimu, na hana.

Tuanze na usalama, maana ndiyo kazi ya breki. Breki za wenzetu husimamisha gari likiwa mwendoni. Hii yangu imewapita: inalisimamisha kabla halijatoka nyumbani. Gari liko juu ya mawe uani, Temeke, na tangu lipande mawe hayo halijagonga bodaboda, halijakwangua bajaji, halijamrushia maji ya dimbwi mama wa watu anayewahi daladala. Trafiki wa Kilwa Road wamelisahau kabisa. Nitajieni gari lenye breki kali jijini hapa lenye sifa hizo.

Na elimu je? Mwenye 504 haruhusiwi kusema tu "nataka pedi". Ataulizwa: gari dogo au stesheni wagoni? Kwa sababu 504 ya kawaida, ile iliyozinduliwa Ufaransa mwaka 1968 na mwaka uliofuata ikachaguliwa Gari Bora la Mwaka la Ulaya, ina diski miguu yote minne, wakati stesheni wagoni na pikapu nyuma zina dramu. Umevuka hapo, linakuja la pili: kalipa zako ni Girling au Teves? Wafaransa, kwa hekima yao, walizifunga zote mbili kwenye gari la jina moja, na pedi ya huyu haikai kwa yule. Kitabu cha gari kilishapotea zama za mmiliki aliyetangulia. Basi unalala chali chini ya gari, tochi mdomoni, unasugua tope na grisi iliyoganda mpaka herufi zianze kuonekana kwenye chuma. Wako watu wazima wenye vyeo vyao waliojifunza kusoma upya namna hiyo.

Ukishajua unachotafuta, chukua sampo, ifunge kwenye gazeti, nenda Kariakoo. Bila sampo usiende, utauziwa pedi za Hiace na utashukuru. Winga anakupokea Gerezani kabla hujakanyaga lami vizuri. "Bosi, spea gani?" Unataja Peugeot. "Ipo!" Hajauliza Peugeot ipi, ya mwaka gani, mbele au nyuma. Neno hilo moja limenipa matumaini mengi kuliko kampeni zote nilizowahi kuzihudhuria. Unamfuata kwenye uchochoro, mnapanda ngazi, mnashuka ngazi nyingine, mnatokea dukani kwa kijana anayeuza taa za Noah. Kijana anapiga simu. Anakuja mwingine na boksi lenye vumbi, anafunua gazeti lako, anaweka pedi juu ya pedi, anafunga jicho moja. Zinalingana upana. Zinalingana urefu. Tundu la pini limepishana kwa unene wa ukucha.

"Hii ukiipitisha kwenye jiwe kidogo tu inaingia, mzee wangu," anasema, na anakitazama chuma kwa upole mno hata unakaribia kumwamini.

Uzuri wake hapo ni kwamba haongopi. Inaingia. Chochote kinaingia, ukiwa na jiwe la kunolea na fundi asiyeogopa cheche. Shida huanza siku inapotakiwa itoke, au gari linapoteremka kilima na pedi imeng'ang'ania upande mmoja, usukani unavuta kushoto kama mbuzi aliyeona majani. Lakini tusiharibu kasida kwa mambo ya kilima.

Naomba niweke utani pembeni kwa dakika moja. Ukifungua masta silinda, raba zake usizioshe kwa petroli wala usizipake mafuta ya injini, hata fundi akikuapia kwamba ndivyo walivyofundishwa. Zinavimba, na breki inakuishia mguuni siku usiyoitegemea. Zioshe kwa mafuta ya breki yenyewe. Na vumbi la lainingi za zamani lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa, maana nyingi zilikuwa na asbestosi. Haya, turudi kwenye sifa.

Pedi isiyopatikana inaunga undugu. Saluni za 504 zilikoma kutengenezwa Ufaransa mwaka 1983, lakini Kenya na Nigeria waliendelea kuunganisha 504 miaka mingi baadaye, na ndiyo maana leo nina watu wangu Kirinyaga Road, Nairobi, ambao sijawahi kuwaona kwa macho. Tunatumiana picha za chuma asubuhi kama wengine wanavyotumiana picha za wajukuu. Najua nani kafiwa, mtoto wa nani kafaulu. Kuna kifurushi kiko njiani kwa basi kupitia Namanga, kiko njiani tangu zamani, na kondakta wa basi hilo sasa ananiita baba mkwe. Nani mwenye IST anaitwa baba mkwe na kondakta?

Halafu wapo wazee. Chang'ombe yupo mmoja ambaye dukani kwake hamna pedi, diski wala kalipa, na bado kila mwenye Peugeot hupita kumwamkia. Ukisema shikamoo na kutaja gari lako, anavuta stuli. Atakusimulia Bert Shankland, Mskochi aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, alivyoshinda Safari Rally mwaka 1966 na tena 1967 akiwa na Peugeot 404. Atakusimulia 1968, 404 iliposhinda tena mikononi mwa Nick Nowicki, mvua ikiwa imewala wengine mpaka yakafika magari 7 tu. Anahadithia tope hilo kama vile bado limo kwenye kucha zake. Ukimuuliza hao walikuwa wakipata wapi pedi, anakohoa, anakuagizia kahawa.

Mke wangu ameshauri kwa heshima kwamba gari liuzwe kwa kilo. Nimemwambia hajaelewa thamani ya kinachoendelea. Kwa nauli, kahawa, ahadi za mawinga na bando la intaneti tu, nimepata rika jipya, ramani ya vichochoro vyote kati ya Gerezani na Tandika, na mazoezi ya miguu ambayo daktari alikuwa akinidai muda mrefu.

Hata hivyo, msomaji, kama kwenu kuna stoo ya marehemu babu ambayo haijafunguliwa, ifungue. Natafuta pedi za mbele za 504, kalipa ya Teves, seti nzima. Zikiwepo usiwape wanunuzi wa chuma chakavu; nipo Temeke, nitazifuata mwenyewe kwa daladala, na bei tutaelewana.