Mama Karudi Kutoka Hospitali: Mwongozo kwa Wajumbe Wote wa Kundi la Familia

Mama amepigwa na kiharusi, mkono na mguu wa kulia vimelala, na leo hospitali imemruhusu. Kundi la WhatsApp limefunguliwa kabla gari halijatoka getini. Kaka mkubwa ni mwenyekiti, shangazi ni mweka hazina, na nusu ya wajumbe wameshatuma emoji za mikono ya dua. Dua ziendelee. Lakini mgonjwa wa kulala huweza kuumia akiwa katikati ya watu wanaompenda, na mengi yanayomuumiza huzuilika bila kutoa hata shilingi. Kwa hiyo kabla hamjaanza kuchangia kitanda cha umeme, jibuni swali moja: nani atamgeuza mama saa nane usiku?

Wote wakinyamaza, kazi humwangukia dada wa kazi, binti aliyeajiriwa kupika na kufua, ambaye ghafla amepandishwa cheo kuwa muuguzi bila barua wala nyongeza ya mshahara. Katika makosa yote ya uuguzaji wa nyumbani, hili naliona kubwa kuliko yote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki, na mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Binti anayeamka usiku kumgeuza mgonjwa, na alfajiri yuko jikoni, anazimaliza saa hizo kabla ya Ijumaa. Mtu aliyechoka kiasi hicho husinzia huku ameshika kijiko cha uji. Pangeni zamu, ziandikwe kwa majina, wanaume wakiwemo. Mjomba anayebeba mifuko ya saruji hawezi kushindwa na shuka. Aliye mbali alipe mtu wa Jumapili.

Mkimleta muuguzi, ombeni kuona leseni yake. Wauguzi wa Tanzania husajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, ilhali koti jeupe huuzwa kwa yeyote mwenye hela. Mhudumu asiye na taaluma hiyo anaweza kuwa mtu mzuri sana wa kuogesha na kulisha, ila asichome sindano wala kubadilisha mpira wa mkojo. Ulizeni pia serikali ya mtaa kuhusu mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Januari 2024 ulizinduliwa mpango wa kuwapata zaidi ya 137,000 nchi nzima katika miaka 5. Hatalala kwenu, lakini atawaelekeza pa kwenda mambo yakibadilika.

Sasa kugeuza kwenyewe. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa 2 hivi, mpaka mtaalamu awape ratiba nyingine. Tandikeni shuka iliyokunjwa mara mbili, ianzie mabegani hadi mapajani. Watu 2, mmoja kila upande, wakunje kingo zake hadi karibu na mwili, wahesabu pamoja, wamnyanyue kidogo ndipo wamsogeze. Msimburute, ngozi itachubuka. Mlazeni nusu ubavu, mto mmoja mgongoni, mwingine katikati ya magoti. Mkono uliopooza ulazwe juu ya mto na usivutwe kamwe, maana bega lililolegea huteguka upesi. Na kabla ya yote mwambieni mama mnachotaka kufanya. Hata kama hasemi, huenda bado anasikia.

Kila mnapomgeuza, kagueni kisogo, mabega, viwiko, sehemu ya juu ya makalio, nyonga, vifundo na visigino. Tumezoea kuambiwa tutafute wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha. Tafuteni sehemu iliyokuwa nyeusi zaidi ya jirani zake, yenye joto, iliyokakamaa, au inayomfanya akunje uso ikiguswa. Mkiipata msiisugue kwa mafuta ya nazi hata kama shangazi ameapa. Kusugua huumiza nyama iliyoanza kufa chini ya ngozi. Iondoleeni uzito. Glovu zilizojazwa maji ziondoeni chini ya visigino, na mpira wa duara wa kukalia mrudishieni aliyewaazima, kwa kuwa hubana damu pembeni mwa pale mnapodhani mnapalinda. Mto uwekwe chini ya mashavu ya miguu, visigino vining'inie.

Kwenye chakula ndipo wageni huleta hatari na hotpoti. Supu ya makongoro ni zawadi njema, ila mgonjwa wa kiharusi anaweza kuimeza ikaingia kwenye mapafu bila hata kukohoa. Mtaalamu ampime kumeza kwanza. Maji matupu mara nyingi humshinda kuliko uji mzito. Mketisheni wima, kidevu kikiinama kidogo, mpeni kijiko cha chai upande wenye nguvu, subirini ameze, kisha mwambieni aseme neno. Sauti ikitoka kama ina maji, acheni. Baada ya kula abaki ameketi nusu saa. Mgeni anayetaka kumlisha akiwa amelala apewe kazi nyingine: kunawa mikono kwa sabuni, kisha kukunja nguo.

Mfuko wa mkojo ukae chini ya usawa wa kibofu, uning'inizwe, usiguse sakafu. Bahasha ya dawa iliyoandikwa 1×3 maana yake kidonge kimoja mara 3 kwa siku, si vitatu kwa mkupuo. Wekeni daftari moja kitandani: saa, dawa, chakula, upande alioegeshwa. Anayepokea zamu alisome kabla ya kusalimia kundi. Msisage kidonge chochote bila kumuuliza mfamasia, na dawa ya presha isikatwe eti kwa sababu kipimo cha leo kimependeza.

Bandikeni ukutani namba ya dereva anayepokea simu usiku, ya kituo cha afya kilicho karibu, na 199, simu ya bure ya Wizara ya Afya. Chini yake andikeni kwa herufi kubwa dalili za kumkimbiza hospitali papo hapo: homa, kuhema kwa shida, kidonda chenye harufu, mkojo uliokoma, mdomo uliopinda upya, usingizi ambao haamshiki. Asiyejua kusoma asomewe mara kwa mara mpaka azikariri, na aliye zamu asisubiri ruhusa ya mwenyekiti.