Shangazi wa Dizeli na Filta Zisizoaminika

Barua za mwezi huu zimefika na vumbi lake. Kiangazi kimekaza, barabara za changarawe zimesagika zikawa unga, na wenye pikapu za dizeli wameamua mambo ya mapenzi yasubiri. Shangazi wa Dizeli, ambaye kwa kawaida huulizwa kwa nini gari linakohoa alfajiri, safari hii ameulizwa kuhusu kitu kimoja tu: filta ya hewa. Ipi inunuliwe, ipulizwe mara ngapi, na mwenye gari afanyeje akigundua kwamba ile ya bei chee ilimwingia kwa maneno matamu.

Wa kwanza ni mwenye Hilux kutoka Kahama. "Shikamoo Shangazi. Mimi ni mtu wa kujali. Kila Jumamosi naitoa filta, naipeleka kwa kijana wa kujaza upepo, anaipuliza mpaka inatakata. Sijaruka hata wiki moja. Lakini sasa gari limeanza kula oili, na asubuhi linatoa moshi wa buluu. Nimekosea wapi, na mapenzi yote haya?"

Marahaba, anajibu Shangazi, kosa ni hayo mapenzi yenyewe. Filta ya karatasi haitegemei nyuzi zake peke yake. Vumbi la mwanzo likishanasa hujenga utando mwembamba, na utando huo ndio unaosaidia kukamata chembe ndogo zinazofuata. Ndiyo maana filta ikiwa mpya kabisa hupitisha vumbi jingi zaidi kuliko ikishafanya kazi kwa muda, na ndiyo maana kipimo cha kimataifa cha filta za injini, ISO 5011, huangalia uwezo wake mara mbili: ikiwa mpya, kisha kwa jumla mpaka inapoziba. Bwana wa Kahama anairudisha filta utotoni kila Jumamosi.

Halafu kuna huyo kijana wa upepo. Kompresa ya kujazia matairi hufika bar 8 bila shida. Vitabu vya mitambo mizito vinavyoruhusu filta kupulizwa huweka kikomo cha karibu bar 2, tena upepo utoke ndani kwenda nje, na watengenezaji wengi wa filta hawataki ipulizwe kabisa. Bar 8 ikishikwa karibu na karatasi hutanua nyuzi na kutoboa vitundu ambavyo jicho halivioni. Filta inarudi nyeupe kama ilivyotoka dukani, mwenyewe anatabasamu, na kuanzia hapo vumbi lina njia yake.

Kuna jambo la tatu ambalo wengi hawalifikirii: kila boksi linapofunguliwa, vumbi lililotulia pembeni huanguka upande uliotakiwa kubaki safi. Boksi likirudishwa vibaya, klipu moja ikikataa kushika au mpira wa kuzibia ukikunjika, hewa hupita kando ya filta bila kuchujwa. Chembe zinazoumiza injini zaidi ni zile za kati ya mikroni 5 na 20, na unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi. Hizo chembe hujichanganya na oili kati ya ringi na ukuta wa silinda, zikasaga taratibu. Ringi zikichoka, oili hupanda juu na kuungua. Moshi wa buluu ndio huo.

Kwa hiyo maagizo ya Kahama ni haya. Fungua hozi inayotoka kwenye boksi la filta kwenda kwenye turbo, ingiza kitambaa cheupe, pangusa. Kikitoka na vumbi, kuna mahali panapovuja, na kazi ya kwanza ni kupatafuta: mfuniko, mpira, au hozi yenye ufa uliojificha chini ya bendi. Fundi aangalie pia kama mapanga ya turbo yamelika ncha, kisha apime kompresheni kabla mtu yeyote hajataja neno oveholi. Baada ya hapo, filta mpya, na Jumamosi bwana huyu atafute shughuli nyingine. Kitabu cha gari kina ratiba ya barabara za vumbi, tofauti na ile ya lami, aifuate hiyo. Kama boksi lake lina kile kipimo kidogo kinachoonyesha hewa inavyopita kwa shida, au kuna taa yake kwenye dashibodi, basi hicho ndicho cha kuamini, kuliko rangi ya karatasi. Filta iliyobadilika rangi si lazima iwe imeziba. Inafanya kazi.

Barua ya pili ni ya mama mfanyabiashara wa Makambako, mwenye Land Cruiser pikapu ya injini ya 1HZ anayobebea viazi. Alikwenda Gerezani, Dar es Salaam, muuzaji akampangia tatu mezani. "Ya kwanza bei yake inatisha. Ya pili ni ya katikati. Ya tatu ni nafuu mpaka nikaona haya kuomba punguzo. Zote duara, zote nyeupe, na yeye anasema ni zile zile. Nimwamini?"

Kwa hili Shangazi amevuta kiti. Kwanza mama ajue injini yake inameza nini. 1HZ ina ujazo wa lita 4.164 na haina turbo. Ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kila silinda huvuta hewa mara moja katika mizunguko miwili, na kwa saa moja jumla yake inapita mita za ujazo 200. Ni hewa ya vyumba vinne vya mita nne kwa nne, na dari juu, yote ikipita kwenye karatasi moja iliyokunjwa.

Sasa hesabu ya hizo filta tatu. Tuseme moja hukamata asilimia 99.5 ya vumbi na nyingine asilimia 98. Muuzaji atasema tofauti ni asilimia moja na nusu, nani anajali? Lakini injini haipimi kilichokamatwa, inapokea kilichopita. Katika kila kilo ya vumbi, ya kwanza itapitisha gramu 5 na ya pili gramu 20. Mara nne. Tofauti hiyo haionekani kwenye boksi wala kwenye rangi, na haisikiki siku ya kwanza barabarani. Inaonekana baada ya misimu kadhaa ya viazi, wakati fundi anapofungua injini na kuuliza gari lilikuwa likiendeshwa wapi.

Je, anunue ile ya bei ya kutisha? Si lazima. Filta za hewa za Toyota zenyewe zina namba inayoanza na 17801, kisha kistari, kisha tarakimu na pengine herufi zinazotofautisha gari na gari. Hizo za baada ya kistari ndizo za kulinganisha kwa makini. Lakini zipo kampuni ambazo filta ndiyo kazi yao, na nyingine hutengenezea viwanda vya magari: Mann-Filter ya Ujerumani, Donaldson ya Marekani, Sakura ya Indonesia, GUD ya Afrika Kusini. Filta ya katikati ikiwa halisi kutoka kwa mtengenezaji wa namna hiyo, na inalingana na namba ya gari, Shangazi hana kinyongo nayo. Donaldson hata historia yake ni ya vumbi: mwaka 1915 Frank Donaldson, muuza matrekta, alikutana na mkulima ambaye injini yake ilikuwa ikifa mara kwa mara kwa ajili ya vumbi la shamba, akamtengenezea chujio. Zamani hizo injini nyingi zilivuta hewa kama ilivyo.

Neno zito hapo juu ni "halisi". Kadiri jina linavyokuwa kubwa, ndivyo linavyoigwa zaidi, hivyo boksi zuri si ushahidi. Mama arudi Gerezani na filta yake kuukuu mkononi, aziweke pamoja juu ya meza, mbele ya muuzaji. Urefu uwe sawa, tundu la katikati liwe sawa. Ahesabu mikunjo katika upana wa kiganja: filta hafifu mara nyingi hubana matumizi hapo, mikunjo michache, karatasi ndogo, maisha mafupi. Abonyeze mpira wa kuzibia kwa kidole gumba. Mzuri hubonyea na kurudi, mbaya hubaki na alama au ni mgumu kama plastiki. Aangalie gundi pale karatasi inapokutana na kifuniko chake, asione pengo. Kisha aombe tochi ya simu, aitumbukize katikati ya filta penye kivuli na kuizungusha. Nukta ya mwanga mkali ni tundu. Muuzaji akikasirika kwa ukaguzi huo, mama amekwisha kupata jibu kuhusu zile tatu.

Na akiuziwa ya bandia asinyamaze. Tanzania kuna Tume ya Ushindani, ambayo hushughulikia bidhaa bandia. Kenya kuna mamlaka yake iliyotokana na sheria ya mwaka 2008. Risiti ndiyo itakayozungumza huko, kwa hiyo adai risiti.

Jambo moja dogo kabla mama hajaondoka. Chini ya boksi la filta kuna kimpira chenye midomo miwili, cha kutolea vumbi zito. Kikichanika, mafundi wengine hukitupa na kuacha tundu wazi. Kirudishwe kipya. Bei yake ni ndogo, na bila hicho filta hubeba mzigo ambao haikupangiwa.

Kijana wa Nairobi, mwenye D-Max, ameandika kwa haraka: "Shangazi, fom ni gani? Nataka ile ya pamba, ya kuosha, nitoe boksi kabisa. Gari ivute, na mafuta ikunywe kidogo. Pia ile sauti!" Sauti ataipata, anajibu Shangazi, na majirani wataipata pia. Mafuta ni hadithi nyingine. Mwaka 2009 maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilipima magari ya petroli ya kisasa yenye filta zilizozibwa kwa makusudi, ikakuta ulaji wa mafuta haukubadilika kwa kiasi cha maana. Kilichopungua ni wepesi wa kuchomoka. Dizeli ina tabia zake. Injini ya zamani yenye pampu ya kawaida ikikosa hewa huendelea kumwagiwa dizeli, nayo hutoa moshi mweusi. Injini nyingi za kompyuta hupunguza dizeli zenyewe, gari likawa halivuti. Lakini yote hayo ni ya filta iliyoziba. Kama yake ni safi na ya saizi yake, hakuna pumzi iliyofichwa ya kwenda kuitafuta dukani. Filta ya pamba hupakwa mafuta baada ya kuoshwa, na yakizidi, yanaweza kurushwa mpaka kwenye waya mwembamba wa kipima hewa na kuudanganya. Boksi likitolewa, injini huvuta hewa ya moto ya chini ya boneti pamoja na vumbi la magurudumu. Kwa njia ya Isiolo kwenda Marsabit labda filta hiyo itamfaa, kwa kuwa sasa ni lami. Akichepuka tu, hapana.

Kuna dereva ambaye hakutaja mahali, kwa hofu ya bosi. Fundi wao alikata sifongo ya godoro akaitia mahali pa filta. Anauliza kama inafaa kwa muda. Haifai hata kutoka gereji kwenda getini: sifongo inaachia vumbi laini, na ikichakaa turbo inaimeza yenyewe.

Mwenye Ford Ranger wa Dar es Salaam anataka kufunga mkonga wa kuvutia hewa juu ya paa ili apite Jangwani mvua zikinyesha. Mkonga ni kitu kizuri, Shangazi anakubali, lakini zaidi kwa vumbi: hewa ya juu ya paa haina vumbi zito kama ile iliyo usawa wa tairi. Magari ya Safari Rally, tangu mashindano hayo yaliporejea kwenye Ubingwa wa Dunia mwaka 2021 baada ya kukosekana kuanzia 2003, yameonekana yakiwa na mikonga Naivasha, kwenye ule unga wa Kedong. Kwa maji, mkonga una nguvu ya kiungo chake dhaifu tu. Bomba likivuja linapoungana na boksi, maji yataingia, na maji hayabanwi kama hewa; pistoni ikipanda juu yake, konrodi hupinda. Gari likizimika ndani ya maji lisipigwe stata. Livutwe, nozeli zifunguliwe, maji yatolewe kwanza. Na filta ya karatasi iliyolowa haianikwi juani. Inatupwa. Hata hivyo, Mto Msimbazi ukifurika hapo Jangwani, ushauri bora kuliko mkonga ni kukaa nyumbani.

Barua ya mwisho ni ya mzee wa Moshi mwenye Land Rover ya dizeli ya zamani, yenye chujio la bakuli la oili. Vijana wanamwambia aling'oe, aweke la karatasi. Shikamoo mzee, anaandika Shangazi, usimsikilize mtu. Hewa hupigwa kona ya ghafla juu ya oili, vumbi zito likabaki humo, na lililobaki hunaswa na nyavu zilizolowana. Kwa chembe ndogo karatasi ni bora, hilo ni kweli, lakini lako linaoshwa na kurudi kazini bila kwenda Gerezani. Sharti ni moja: oili isipite alama. Ikizidi, injini ya dizeli inaweza kuivuta na kuichoma badala ya dizeli, ikazunguka bila breki hata baada ya kuzimwa.

Wanaoandika mwezi ujao waambatanishe namba ya chasi, aina ya injini, na picha ya mpira wa kuzibia wa filta yao. Picha ya gari likiwa limeoshwa haihitajiki.