Firigisi ya Jogoo wa Masoko

Ndugu msomaji mwenye mke, watoto, mashemeji na shangazi, wewe utanielewa. Kuku mmoja ana mapaja mawili, miguu miwili, vipapatio viwili, kidari, mgongo, shingo, ini na firigisi moja. Nyumbani kwangu Masoko, Rungwe, siku wazee wakija na wapwa wakiongozana nao, tunakuwa watu zaidi ya kumi na mmoja. Hapo hesabu imeshakataa kabla hata kisu hakijanolewa.

Nianze na watu, maana kuku peke yake hana kisa. Mke wangu ni wa Muheza, Tanga. Mimi namwita Kamanda, na yeye ananiita Baba Kijiko, kwa jina la mtoto wetu wa mwisho, ambaye tangu aanze kutembea hajawahi kupita karibu na sufuria bila kuonja. Dada yake ana miaka tisa na tunamwita Mpelelezi. Hakuna kilichopotea ndani ya nyumba hii akakosa kukifuatilia mpaka mwisho. Mdogo wangu ni Injinia. Anaendesha katapila, lakini ukimsikiliza anavyoeleza mambo utadhani ndiye aliyechimba Ziwa Nyasa. Kuna baba yangu, Mzee. Kuna dada yake mkubwa, Shangazi Katiba, mlinzi wa kila desturi. Na kuna mama yangu, ambaye wajukuu wanamwita Bibi Kimya, kwa sababu anaweza kukaa na watu tangu asubuhi mpaka jioni akasema maneno matatu, na yote matatu ni shikamoo za watoto anazoitikia.

Mimi ni mtu wa kuku mwenye mifupa, na hapo sirudi nyuma. Ndugu zetu wa mjini wanakuja na kidari kilichotolewa mfupa, kimelala kwenye sahani ya plastiki, wanasema ni rahisi kupika. Ni rahisi kweli, lakini mchuzi unatoka wapi? Mchuzi ni mfupa, ngozi na viungio. Ndimo ilimo kolajeni, ile inayoyeyuka polepole kwenye maji ya moto mpaka supu inashika midomo. Na kuku akiwa mtu mzima, jogoo aliyetembea miaka yake, kolajeni yake imekaza zaidi, kwa hiyo inataka muda mrefu na moto mpole. Kuku wa kisasa anachinjwa akiwa na wiki tano au sita, anaiva ukiwa bado unatafuta mwiko, na ladha yake ni ya haraka hiyo hiyo.

Basi Jumapili moja ya masika wazee wakatuma habari kwamba wakitoka kanisani watapitia kwetu. Wao ni Wamoravian wa kurithi. Misheni ya Rungwe ilianzishwa na Wamoravian mwaka 1891, na Shangazi Katiba anausimulia mwaka huo kana kwamba alikuwepo kupokea mizigo. Ibada yao haina haraka, kwa hiyo tulikuwa na muda. Tukanunua jogoo mwekundu kwa jirani wa upande wa ziwani, tukamwomba jirani mwingine, Mwislamu, atuchinjie ili yeyote atakayepita ale bila wasiwasi. Mpaka hapo mambo yalikuwa shwari.

Vita vilianzia kwenye kukata. Injinia alikuja na panga na gogo. Akainua, akashusha, na mfupa wa mguu ukapasuka vipande vyenye ncha kama sindano. Kamanda akamwondoa. "Shemeji, unataka kuwaua watoto?" Akamvuta jogoo kwake, akalishika paja na kulikunja nje mpaka ngozi ikakaza, akapitisha kisu mara moja kwenye ngozi, akalisukuma paja nyuma. Kichwa cha mfupa kikachomoka kwenye kikombe chake, cheupe, kinang'aa. Kisu kikapita pale pale kwenye kiungio, hakikugusa mfupa hata kidogo. Kipapatio hivyo hivyo. Shingo hivyo hivyo. Kidari ndicho pekee alichokipasua kwa nguvu, katikati, kwa kupiga mgongo wa kisu kwa mchi. Firigisi akaipasua, akamwaga changarawe, akaimenya ile ngozi ya njano ya ndani, akaiosha kwa chumvi. Nilisimama mlangoni nikatazama kazi ile yote, na nasema wazi kwamba sijaona mkono mzuri kuliko ule kwenye kuku.

Injinia akasema panga linaokoa muda. Hakuna aliyemjibu.

Sasa lazima nieleze desturi, usije ukashangaa mbele. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawakuonana uso kwa uso. Mkamwana hakutaja jina la baba mkwe, na akimwona njiani alichepuka. Monica Wilson, aliyeishi huku na mumewe Godfrey miaka ya 1930, aliyaandika hayo katika kitabu chake Good Company, kilichotoka mwaka 1951, na akaonyesha jinsi vijana walivyojenga vijiji vyao wenyewe vya rika, mbali na baba zao. Siku hizi mambo yamelegea sana. Kamanda humwamkia Mzee, na Mzee huitikia. Lakini Shangazi Katiba akiwepo sheria inarudi: Mzee anakaa sebuleni, Kamanda anabaki jikoni, na kila kinachotoka jikoni kwenda sebuleni kinabebwa na watoto. Maana yake kinabebwa na Kijiko. Umeshaona hatari ilipo.

Saa nne asubuhi jogoo aliingia kwenye sufuria na maji, chumvi, tangawizi iliyopondwa na kitunguu saumu. Kamanda akaengua povu mpaka mchuzi ukatakata. Saa tano gesi ikaisha. Tukahamia jiko la mkaa. Saa tano na nusu mvua ikashuka, na hapa mvua ikishuka haiulizi. Wilaya hii hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na nadhani sehemu nzuri ya hizo huwa inangoja mimi niwe na wageni. Gunia la mkaa lilikuwa limeegemezwa ukuta wa nje, likalowa. Tukahamia jiko la mafiga, kwenye kibanda cha nyuma, na kuni za mparachichi zilizotoa moshi kuliko moto.

Saa saba jogoo alikuwa bado mgumu. Kamanda alichoma paja kwa uma, uma ukakataa. Hapo Injinia akapata nafasi yake. Akaeleza kwamba usawa wa bahari maji huchemka kwenye nyuzi 100, na kila ukipanda mita kama 300 unapoteza karibu nyuzi moja. Ziwa letu la Masoko liko kwenye mita kama 840, kwa hiyo sufuria yetu inachemka kwenye nyuzi 97 hivi. Tukuyu mjini, kilomita kama kumi na tano kutoka hapa kwa kupanda, wako juu ya mita 1,500, wao ni nyuzi 95. "Kwa hiyo shemeji, tuna bahati. Tungekuwa Tukuyu angechelewa zaidi."

"Shemeji," Kamanda akasema, "weka kuni."

Wazee wakafika wamelowa. Shangazi Katiba hakuketi kwanza. Alifika mlango wa kibanda, akanusa, akauliza swali ambalo kila nyumba ya mchanganyiko inalijua: "Mmetia nini humo?" Kamanda alikuwa ameshakuna nazi kwenye mbuzi aliyokuja nayo kutoka Muheza, na tui lilikuwa linangoja kwenye bakuli. Tulikuwa tunapika ndizi na kuku, na kwa Shangazi hizo ni ndizi, kuku, chumvi na maji ya Rungwe, basi. Kwa Kamanda, ndizi isiyo na tui ni chakula cha mgonjwa. Mimi nimekula za pande zote mbili miaka yote ya ndoa yangu na nazipenda zote, jambo ambalo limenifanya niaminike na pande zote mbili kwa kiwango kidogo sana. Bibi Kimya aliingia kibandani, akavuta kigoda, akaketi karibu na moto kukausha kanga yake. Hakusema kitu. Kamanda akamwaga tui.

Huko sebuleni nilikaa na Mzee kumpunguzia njaa kwa mazungumzo. Mpelelezi alimwuliza babu yake kama ni kweli Wajerumani walizamisha dhahabu ziwani. Watu wa hapa wamesimulia habari hizo tangu Vita ya Kwanza ya Dunia, na boma la mawe la Wajerumani bado lipo ukingoni, na sarafu za zamani zimewahi kuokotwa. Mzee alijibu kwamba yeye alioga ziwa hilo utoto wake wote na alichopata ni mafua. Muda wote huo Kijiko alikuwa akipita kati ya jikoni na sebule, na kila akipita alikuwa anang'aa mashavu zaidi.

Saa tisa uma ulipita.

Shangazi akasimama kugawa. Kugawa kuku ni kazi nzito kuliko kumpika, ukitaka niseme ukweli. Paja la kulia kwa Mzee. Kidari, nusu yangu, nusu ya Injinia. Mgongo kwa akina mama. Vipapatio kwa wasichana, miguu kwa wavulana. Shingo ni yake yeye Shangazi, haijawahi kujadiliwa. Na firigisi ni ya Mzee. Hilo si letu peke yetu. Kwa Waluhya wa magharibi mwa Kenya firigisi ni ya baba mwenye nyumba, na ukimpa mtu mwingine umemwambia baba kwamba hana nyumba. Buganda ya zamani walikwenda mbali zaidi, mwanamke hakula kuku kabisa, ingawa ndiye aliyempika.

Shangazi akakoroga sufuria. Akakoroga tena. Akachota ndizi moja moja mpaka chini. Firigisi haikuwepo.

Mpelelezi akaanza kazi. Kwanza Kijiko, kwa sababu kila kesi ya nyumba hii inaanza kwake. Alikiri ngozi ya shingo, ini lote na "ndizi ndogo, mbili au nyingi." Firigisi alikana huku machozi yakimtoka, na dada yake, baada ya kumnusa vidole, akatangaza kwamba anasema kweli. Injinia akabanwa. Alikiri ncha ya kipapatio, akasema alikuwa anapima chumvi. Mimi nikaulizwa nilikuwa wapi, mbele ya mama yangu mzazi, na mtoto niliyemlipia ada. Nikajibu. Shangazi akamgeukia Kamanda, na hapo moyo wangu ukaruka, kwa sababu nilijua neno moja baya pale lingekaa kwenye familia miaka kumi.

Bibi Kimya akasema kutoka kwenye kigoda: "Firigisi nimekula mimi."

Hakuna aliyepumua. Akaendelea, na kwa mama yangu hayo yalikuwa mahubiri: "Nimepika kuku tangu nilipoolewa. Leo mkwe wangu kaniuliza, mama, firigisi ina ladha gani? Nikamwambia sijui. Akanipa."

Kamanda alikuwa ameinamia moto, anachochea, hatazami mtu. Ameolewa hapa, anajua firigisi ni ya nani, na aliitoa akijua. Nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi.

Shangazi akafungua mdomo kusoma kifungu chake. Lakini ukuta kati ya kibanda na sebule ni wa mbao, na Mzee alikuwa amesikia kila kitu. Sauti yake ikapita kwenye mbao: "Ilikuwa imeiva?"

"Imeiva," mama akajibu.

"Chumvi?"

"Ilitosha."

Kimya kidogo. Halafu Mzee akasema: "Basi mimi nileteeni shingo."

Hapo ndipo kelele za kweli zilipoanza. Firigisi ilikuwa desturi, shingo ilikuwa mali ya Shangazi Katiba. Akauliza tangu lini mwanamume anakula shingo. Mzee akajibu kwamba tangu leo. Injinia akapendekeza shingo ikatwe katikati kwa panga, akaambiwa anyamaze na watu watatu kwa pamoja. Kijiko akatumika kupeleka ujumbe mara kadhaa, na kila akirudi alipita kwenye sufuria. Mwishowe Kamanda akachoka. Akapakua bakuli, akaweka paja na shingo pamoja, akajifunga kanga vizuri, akaingia nalo sebuleni kwa miguu yake mwenyewe, akapiga goti, akamkaribisha baba mkwe wake. Mzee akapokea kwa mikono miwili. "Ahsante, mwanangu," akasema, "ongeza na mchuzi."

Shangazi alihamia kwenye mgongo. Alikula akiwa ametununia wote. Alikula ndizi za nazi sahani ya kwanza, akala ya pili, akasema tui limezidi, akaomba ya tatu. Jioni mvua ilipokatika akamwagiza Mpelelezi amfungie mchuzi uliobaki ili ausikilizie vizuri nyumbani, kama kweli tui limezidi. Ikachukuliwa hotpoti yetu kubwa, ile yenye maua, zawadi ya harusi. Kamanda amenituma mara nyingi nikaidai. Kila nikienda, Shangazi ananikaribisha vizuri, anauliza habari za watoto, na anasema hotpoti ameiosha, iko tayari, tutaichukua siku tukimpelekea jogoo.